Kutumia flashi ya zamani kwenye kamera ya kidijitali bila kuiunguza kamera

Flashi iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1970 na 1990 bado ni chombo cha kazi. Mrija wake wa zenoni unatoa mwanga uleule unaotolewa na flashi ya leo, na kwa upande wa nguvu, nyingi kati yake hazina cha kuzionea wivu flashi mpya za daraja la kati. Vivitar 283 na 285, Sunpak, Metz za mpini, Nikon SB-24 na SB-26, Canon za mfululizo wa EZ: zimelala kwenye makabati ya watu na kila leo zinauzwa kama vifaa vilivyotumika.

Kinachowaponza wengi ni kutaka flashi hizi zielewane na kamera. Kamera ya kisasa na flashi ya kampuni yake hupeana taarifa nyingi kabla ya picha kupigwa. Flashi ya zamani inajua jambo moja tu: sakiti ikifungwa, inawaka. Ukiichukulia kama taa inayojitegemea, na ukaiunganisha na kamera kwa kiasi kidogo kabisa kinachohitajika, kazi inakuwa nyepesi. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hasa usiipachike flashi juu ya kamera kabla ya kumaliza hatua ya nne.

Hatua ya 1: Ikague ingali mkononi

Fungua kifuniko cha betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, betri ziliachwa humo zikavuja. Uvujaji wa betri za alkalaini ni wa asili ya magadi, kwa hiyo pamba iliyochovywa kwenye siki au maji ya limau huuyeyusha. Sugua taratibu, kisha futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Kutu iliyobaki ngumu ikwangue kwa msasa laini. Kama kibati kimeliwa hadi kukatika, au waya umeoza, hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu tazama kioo cha mbele. Plastiki iliyogeuka manjano si kasoro ya kukufanya uitupe flashi, ila mwanga utatoka na umanjano kidogo, jambo linalorekebishika kwenye kamera. Mrija wenyewe ukiwa mweusi kwenye ncha, umepiga kazi nyingi. Kioo kikiwa na ufa, iache.

Usifungue mwili wa flashi. Ndani mna kapasita kubwa inayochajiwa hadi volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya betri kutolewa. Mshtuko wake unaweza kuua. Anayeifungua awe ni mtu anayejua namna ya kuipunguza chaji hiyo kwa rezista, na hata huyo hufanya kwa tahadhari.

Hatua ya 2: Iamshe kapasita taratibu

Kapasita ya flashi ikikaa miaka bila umeme, utando mwembamba wa oksaidi ulio ndani yake hudhoofika. Ukitia betri na kuanza kuipiga mfululizo siku hiyohiyo, kapasita itavuja umeme, itapata joto, na huenda ikafa kabisa.

Tia betri mpya. Washa. Utasikia mluzi mwembamba ukipanda. Hiyo ni sakiti inayopandisha volti. Flashi iliyolala sana inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kabla ya kitaa cha utayari kuwaka. Kikiwaka, usibonyeze kitu. Iache ikae imejaa kwa dakika kadhaa, zima, subiri, washa tena. Rudia mara chache, ukiangalia kama muda wa kujaa unapungua. Ukipungua, kapasita inarudi kwenye hali yake, nawe sasa unaweza kubonyeza kitufe cha majaribio, ukiacha nafasi kati ya pigo na pigo. Ukisikia harufu ya kuungua, au kitaa kikigoma kuwaka huku betri zikipata moto, zima, toa betri, na ukubali kwamba hiyo imefika mwisho.

Kuhusu betri: za kuchaji za NiMH ndizo bora kwa kazi hii. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini hutoa mkondo mkubwa bila kusuasua, hivyo flashi hujaa haraka kuliko kwa alkalaini.

Hatua ya 3: Pima volti za mguuni

Hapa ndipo kamera huokolewa au huuawa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kamera za filamu zilikuwa na swichi ya chuma kwa chuma. Shata ilipofunguka, vibati viwili viligusana na sakiti ya flashi ikafungwa. Watengenezaji wa flashi hawakuona sababu ya kuhofia volti zinazopita hapo. Wengi waliunganisha sakiti ya kuwashia moja kwa moja na volti za kapasita kubwa. Matokeo yake, flashi ya aina hiyo inaweza kuweka volti 200 au 300 kwenye kibati cha katikati cha mguu wake, ile sehemu inayochomekwa juu ya kamera. Chuma hakikujali. Kamera ya kidijitali haina chuma hicho: inatumia swichi ya kielektroniki, na swichi hiyo ina kikomo chake.

Uharibifu nao si lazima uonekane papo hapo. Kamera inaweza kupiga vizuri leo, kesho pia, na wiki nyingine ikaacha kuwasha flashi yoyote ile. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi naitumia siku zote na haijanifanya kitu", hajakupa kipimo. Mwambie akupe namba.

Kupata namba hiyo unahitaji multimita ya kawaida ya kidijitali. Iweke kwenye volti za DC, na uchague kipimo kinachofika angalau 500. Tia betri zilizojaa kwenye flashi, washa, na usubiri kitaa cha utayari kiwake. Kisha subiri tena kama nusu dakika, kwa sababu kitaa huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa. Sasa igeuze flashi uone mguu wake kwa chini. Katikati kuna kibati cha duara: hicho ndicho chanya. Ardhi ni ule ukingo wa chuma unaoingia kwenye reli ya kamera. Kwenye flashi zenye mguu wa plastiki ni kile kibati kidogo kilichojificha ubavuni mwa mguu. Weka ncha nyekundu katikati na nyeusi ubavuni.

Mkono usitetemeke. Ncha ya multimita ikiteleza kutoka katikati hadi ukingoni, umefunga sakiti na flashi itawaka usoni mwako. Elekeza kichwa chake ukutani au kifunike kwa kitambaa. Wala usiguse kibati cha katikati kwa kidole huku flashi imejaa. Kama ni ya volti nyingi, itakuuma.

Soma namba. Ikiwa chini ya 10, umebahatika. Ikiwa kati ya 10 na 24, ni nzuri kwa kamera nyingi. Ikipanda juu ya hapo, endelea kusoma kabla ya kugusa kamera. Angalia pia alama: namba ikitoka na alama ya kutoa, na una hakika ncha umeziweka sawasawa, flashi hiyo ina umeme uliogeuzwa. Isikae juu ya kamera ya kisasa hata kama namba yenyewe ni ndogo.

Kama flashi inaunganishwa kwa waya wa sinki (sync), ule unaopeleka amri ya kuwaka kutoka kwenye kamera, na si kwa mguu, kama zilivyo Metz nyingi za mpini, pima mwisho wa waya: pini ya ndani na pete ya nje.

Usipime kwa kubahatisha jina. Vivitar 283 ndiyo mfano unaotajwa zaidi: za mwanzo zilizotoka Japani mara nyingi zina volti zaidi ya 200, na za baadaye zina volti chache tu, ilhali kwa sura ni pacha. Nchi iliyoandikwa chini ya flashi inakupa fununu. Uhakika unautoa kwenye multimita. Jihadhari pia na jina la 285HV. Hizo HV zinahusu tundu la betri ya nje ya volti nyingi, na hazisemi lolote kuhusu volti za mguuni, ambazo kwenye 285HV kwa kawaida ni ndogo.

Hatua ya 4: Linganisha na kamera yako

Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330, cha mwaka 1992, kinataka kamera ivumilie volti 24. Kampuni nyingine zimekwenda mbali zaidi. Vitabu vya maelekezo vya kamera za kidijitali za Nikon hutaja volti 250 kama kikomo, na hukataza waziwazi volti hasi. Kwa upande mwingine, Canon za kidijitali za mwanzo, kama D60, 10D na 300D, zinajulikana kwa kikomo cha volti 6 tu. Tafuta kitabu cha kamera yako na usome ukurasa wa flashi za nje. Usipokuta namba, chukulia 24 kuwa ndiyo mwisho.

Na hata kama kitabu kinasema 250 na flashi yako ina 220, binafsi nisingeiweka juu ya kamera. Triga, kidude cha kuiwasha flashi kwa redio ikiwa mbali na kamera, ni rahisi kununua. Kufungua kamera na kubadilisha bodi si rahisi.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kuziunganisha

Flashi yenye volti ndogo ichomeke moja kwa moja kwenye hotishu, ile reli ya juu ya kamera. Chunguza kitu kimoja kwanza: vibati vya ziada. Flashi iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni fulani huwa na vibati viwili au vitatu kando ya kile cha katikati, na vikigusa vibati vya kamera ya kampuni nyingine haijulikani vitapeleka nini wapi. Vifunike kwa kipande chembamba cha tepu, uache cha katikati na cha ubavuni tu. Nayo kamera yenyewe ichunguze, maana Canon EOS 250D ya mwaka 2019 haina kabisa kibati cha katikati. Juu ya kamera ya namna hiyo flashi ya zamani haitawaka kamwe, na tatizo si flashi.

Minolta za filamu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 zilikuwa na reli ya umbo la peke yake, na Sony waliirithi hadi walipobadilisha mwaka 2012. Flashi za familia hiyo zinahitaji adapta hata kuingia tu.

Flashi yenye volti nyingi, au ile ambayo huna uhakika nayo, iwekwe mbali na kamera kwa triga ya redio. Transmita inakaa juu ya kamera, risiva inakaa chini ya flashi, na umeme wa flashi unaishia kwenye risiva. Kamera haiuoni kabisa. Ila risiva nayo ina kikomo chake. Kisome kwenye karatasi yake. Nyingi zimeandikwa zinavumilia volti 300, nyingine ni za volti chache tu, na risiva iliyoungua inaweza kukuharibia siku ya kazi. Kama unataka flashi ibaki juu ya kamera, kuna adapta za kushusha volti, kama Wein Safe-Sync, inayokaa kati ya mguu wa flashi na reli na kupeleka kwa kamera volti chini ya 6.

Njia ya tatu ni jicho la mwanga, kidude kidogo kinachochomekwa kwenye flashi na kuiwasha mara kinapoona flashi nyingine imewaka. Nikon SB-26 ya mwaka 1994 ina jicho hilo ndani yake, na ndiyo maana wapiga picha wanaoweka taa nyingi wanaipenda hadi leo. Kuna mtego mmoja. Flashi ya kisasa ikiwa kwenye TTL, modi ambayo kamera hupima mwanga wa flashi kupitia lenzi, hutoa mapigo madogo ya kupima kabla ya picha, na jicho la zamani halitofautishi pigo la kupima na pigo la kweli. Flashi yako ya pembeni itawaka mapema, na picha itatoka kana kwamba haikuwepo. Dawa yake ni kuiweka flashi ya kwenye kamera kwenye modi ya M, ambako nguvu unaichagua mwenyewe, kwa nguvu ya chini kabisa.

Kama unaniuliza, hata flashi ya volti 5 ningeitia kwenye triga. Mwanga unaotoka juu ya lenzi unambandika mtu ukutani; mwanga huohuo ukitoka pembeni, kutoka flashi ileile kuukuu, unampa uso umbo.

Hatua ya 6: Iandae kamera

Weka kamera kwenye M. Modi nyingine hazijui kwamba kuna flashi ya zamani; zitajaribu kuliondoa giza kwa shata ndefu na utapata picha zenye mtikisiko.

Shata iwe 1/125 kwanza. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zina mapazia mawili yanayopita mbele ya kihisio, na flashi lazima iwake wakati pazia la kwanza limefika mwisho na la pili halijaanza safari. Kasi ya juu kabisa inayoruhusu hilo huwa karibu na 1/200 au 1/250. Ukipita hapo, sehemu ya picha itakatwa na ukanda mweusi. Flashi za sasa zina ujanja wa kupita kikomo hicho; hizi za zamani hazina. Kwa triga za bei ya chini, hata 1/250 inaweza kuonyesha ukanda mwembamba chini, kwa sababu redio inakula muda wake. Shuka hadi 1/160 utulie.

Zima shata ya kielektroniki, ile ya kimya. Kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa ikiwa imewashwa. Kwenye DSLR za Canon, yaani kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, zima pia upigaji wa kimya unapotumia skrini ya nyuma, la sivyo flashi isiyo ya Canon inaweza kukataa.

Wenye kamera zisizo na kioo hicho (mirrorless) hukutana na jambo jingine: ukishaweka ISO 100, f/8 (upana wa tundu la lenzi) na 1/125 ndani ya chumba, skrini inakuwa nyeusi tii. Kamera inakuonyesha picha ingekuwaje bila flashi. Nenda kwenye menyu uzime uigaji huo. Kwenye Sony tafuta Live View Display uweke Setting Effect OFF. Kwenye Canon ni Exposure simulation. Kwenye Nikon Z ni Apply settings to live view. Kwenye Fujifilm ni Preview Exp./WB in Manual Mode.

Rangi iweke kwenye alama ya flashi, au karibu na kelvini 5500, kisha ukiona picha zina umanjano wa ile plastiki ya zamani, shuka kidogo. Piga RAW, faili ghafi la picha, na hutahangaika sana.

Hatua ya 7: Pata kiasi cha mwanga

Sahau TTL. Flashi za zamani zenye TTL zilitegemea mwanga uliokuwa ukidunda kutoka kwenye filamu yenyewe wakati picha inapigwa, mfumo ulioanza na Olympus OM-2 mwaka 1975. Kihisio cha dijitali hakidundishi mwanga kama filamu, na kampuni zilihamia kwenye mapigo ya kupima: Canon na E-TTL mwaka 1995, Nikon na i-TTL mwaka 2003. Ukiweka Speedlite ya EZ kwenye TTL juu ya Canon ya dijitali, itawaka kwa nguvu kamili kila mara. Ukiweka flashi ya Nikon SB-28 kwenye TTL juu ya DSLR ya Nikon, shata inafungwa, haipigi. Watu wamezipeleka kamera kwa mafundi kwa sababu hiyo, ilhali kilichohitajika ni kusogeza swichi moja.

Zinabaki njia mbili, na zote ni nzuri.

Ya kwanza ni modi ya otomatiki ya flashi yenyewe, na nadhani ndiyo hazina iliyosahauliwa. Tazama mbele ya flashi: kuna kijicho kidogo. Flashi inapowaka, kijicho hicho kinahesabu mwanga unaorudi kutoka kwa unayempiga, na ukitosha kinakata umeme papo hapo. Kamera haihusiki hata kidogo, ndiyo maana inafanya kazi na kamera yoyote iliyotoka kiwandani juzi.

Kwenye ubavu au mgongo wa flashi kuna duara la kuzungusha, lenye ISO, umbali na rangi. Weka ISO 100. Tuseme rangi nyekundu inasoma f/4 hadi mita 9. Basi weka kijicho kwenye nyekundu, weka lenzi f/4, na mtu yeyote aliye kati ya umbali wa chini ulioandikwa na mita 9 atapata mwanga wa kutosha bila wewe kukokotoa chochote. Akisogea, flashi inajirekebisha. Kwenye sherehe ambako watu hawakai mahali pamoja, ni raha tupu.

Unaweza pia kuidanganya kwa faida yako. Flashi ikidhani uko f/4 nawe ukaweka f/5.6, mwanga wake utapungua kwa stopu moja, yaani nusu, na hicho ndicho unachotaka nje mchana unapotaka kuondoa vivuli vya macho bila picha kuonekana ya flashi. Ukifungua hadi f/2.8, unaongeza stopu moja. Hivyo ndivyo unavyomsahihisha mtu aliyevaa nyeupe mwili mzima, maana kijicho huona weupe mwingi na kukata mapema. Suti nyeusi au uwanja mpana wa giza nyuma ya mtu hufanya kinyume: kijicho kinangoja mwanga usiorudi, na uso unaungua.

Mwanga ukiudundisha kwenye dari, kijicho lazima kibaki kinamtazama mtu. Flashi nzuri za wakati ule zilitengenezwa hivyohivyo: kichwa kinainuka, kijicho kinabaki mbele. Zile zinazoinua vyote pamoja zitapima dari. Na ukiweka flashi pembeni kwenye stendi, kijicho kinapima kutoka huko ilikowekwa, jambo linalofaa ilimradi hakuna kitu karibu nacho kinachorudisha mwanga.

Njia ya pili ni M, ambako unachagua nguvu mwenyewe: nzima, nusu, robo, moja ya kumi na sita. Hesabu yake inaanzia kwenye namba ya mwongozo ya flashi, ile GN. Gawanya GN kwa umbali kutoka flashi hadi kwa mtu, upate f. Flashi yenye GN 36 kwa mita, ISO 100, na mtu yuko mita 3: 36 gawanya kwa 3 ni 12, karibu na f/11. Hiyo ni nguvu kamili. Nusu inakupa f/8, robo f/5.6. Ukipandisha ISO hadi 400, GN inakuwa maradufu. Kumbuka ni umbali wa flashi. Kamera hata ikiwa mita 10 nyuma, namba haibadiliki.

GN zilizoandikwa kwenye matangazo ya zamani zilikuwa na ukarimu kidogo, na umri nao umechukua chake, kwa hiyo picha ya kwanza ikitoka na giza la nusu stopu usishangae. Kwa mwavuli au dari ongeza stopu moja na nusu hadi mbili, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini. Mpiga picha wa filamu alilipia kila jaribio, wewe unafuta. Weka mtu au chupa mita 2 kutoka flashi, piga kila nguvu, na andika f iliyotoa picha nzuri kwenye kipande cha tepu ulichobandika mgongoni mwa flashi. Utaitegemea tepu hiyo kuliko duara la kiwandani.

Flashi isiyo na M ya hatua nyingi, kama 283 bila kifaa chake cha VP-1, inapunguzwa kwa kuisogeza mbali, kwa kitambaa cheupe mbele yake, au kwa kukiacha kijicho kwenye otomatiki na kuchagua rangi yenye f ndogo ya namba. Hii ya mwisho ina faida nyingine: flashi hizi hazipunguzi ukali wa mwanga, zinapunguza muda wake. Kwa nguvu ndogo pigo linaweza kushuka hadi sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde na chini zaidi, na tone la maji linasimama hewani kama limegandishwa.

Inapogoma

Flashi inawaka kwa kitufe chake lakini si kwa kamera: safisha vibati vya mguu kwa kifutio cha penseli na spiriti, isukume hadi mwisho wa reli, kisha hakikisha shata ya kimya imezimwa. Ukitumia waya wa sinki, shuku waya kwanza. Ndiyo sehemu inayokufa mapema kuliko zote.

Inawaka mara moja tu, kisha hadi uizime na kuiwasha: umeme mdogo unaobaki kwenye sakiti unaizuia swichi ya kamera isiachie. Ni kutopatana kwa kamera hiyo na flashi hiyo. Triga huimaliza.

Inawaka yenyewe mara unapoichomeka: toa haraka. Kuna mguso usio sahihi kwenye vibati, mara nyingi vile vya ziada ambavyo havikufunikwa.

Picha moja ina mwanga, inayofuata ni giza: hukungoja ijae. Kitaa cha utayari kwenye flashi nyingi huwaka chaji ikiwa bado haijakamilika, kwa hiyo ongeza sekunde mbili tatu baada yake. Na usiipige mfululizo kwa nguvu kamili zaidi ya mara 15 hivi bila kuipa dakika kadhaa za kupoa. Kioo cha mbele huanza kupinda kwa joto, na mrija unafuata.

Ukimaliza kazi, toa betri zote kabla ya kuihifadhi. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili zirudishe, iache ijae, ipige mara kadhaa, na utoe betri tena. Ukifanya hivyo, hutalazimika kurudi hatua ya pili.